Kiwanja hiki kilikuwa nini zamani? Maswali ya kuuliza kabla ya kujenga Nyarugusu

Mama, ukija kliniki na mtoto siku hizi, kuna swali nakuuliza kabla sijamweka kwenye mzani: mnaishi wapi, na hapo palikuwa na nini kabla hamjajenga? Wengine hucheka, wanadhani muuguzi anatafuta umbea. Lakini hapa Nyarugusu swali hilo ni la afya, sawa na ninavyokuuliza kama mtoto analala kwenye chandarua.

Eneo letu limechimbwa dhahabu tangu wakati wa mkoloni. Duara likiisha mawe linaachwa. Karasha likikosa kazi linahamishiwa kwenye mlipuko mpya. Mwalo unakauka, rundo la marudio linauzwa au linasambaa na mvua. Baada ya masika mawili nyasi zimeota, mwenye eneo anakata viwanja, na kwa kuwa bei ni nafuu, anayenunua ni mama anayejenga kidogo kidogo kwa hela ya kikoba au ya kuuza chakula machimboni.

Hata mimi nusura ninunue. Dalali alinionyesha kiwanja kizuri, tambarare, karibu na barabara, akasema ni ardhi safi kabisa. Bibi mmoja aliyekuwa anapita na kuni ndiye aliyeniuliza, "Mwanangu, utajenga kwenye mwalo?" Dalali akakasirika. Mimi nikarudi nyumbani na hela yangu.

Makala hii ni ya maswali ambayo bibi yule alinisaidia kuuliza. Yako ya aina mbili: ardhi itabeba nyumba yako au itadidimia? Na udongo wenyewe una nini ndani yake?

Ardhi inayodidimia

Nilikwenda kumtembelea mzazi siku ya tatu baada ya kujifungua. Kona moja ya chumba ilikuwa imeshuka kiasi kwamba mlango haufungi, na ufa ulianzia kwenye msingi ukapanda hadi juu ya dirisha. Nilipitisha kidole ndani yake. Baba wa mtoto akaniambia fundi ameshaupiga lipu mara mbili na kila mvua ikija unarudi. Kitanda cha mama na mtoto kilikuwa chini ya ufa huohuo. Siku ile kabla ya kumwangalia kitovu mtoto, tulihamisha kitanda.

Nyumba ile ilikuwa imekaa nusu juu ya ardhi ya asili na nusu juu ya duara lililofukiwa. Ndiyo maana ilipasuka: upande mmoja umesimama, upande mwingine unashuka.

Wanapofukia duara mara nyingi watu humwaga kifusi tu, pamoja na magunia chakavu, matawi na mifuko ya plastiki, mpaka shimo lijae. Kifusi kilichomwagwa hivyo kina nafasi nyingi za hewa. Mvua inapopenya, chembe za udongo zinajipanga upya na zinashuka, na hali hiyo inaweza kuendelea kwa miaka. Juu ya hapo, chini kuna matimba, ile miti inayozuia kuta za duara. Miti hiyo inaoza. Na duara halishuki wima tu. Wachimbaji hufuata mwamba wenye dhahabu kwenda pembeni chini kwa chini, kwa hiyo mdomo wa shimo unaweza kuwa kwa jirani na pango likawa chini ya jiko lako. Mwezi wa Januari 2017 wachimbaji 15 walifukiwa ardhini katika mgodi mmoja hapa Nyarugusu na wakatolewa hai baada ya siku kadhaa. Wale walijua wako chini ya ardhi. Mtoto anayecheza uani hajui kilichopo chini yake.

Utajuaje kabla ya kununua? Nenda kiwanjani mara mbili, na mara moja iwe baada ya mvua kubwa. Angalia sehemu iliyobonyea kama sahani, au ufa wa ardhi unaopinda kama mwezi mchanga. Angalia maji yanakwenda wapi. Ukiona maji yanatuama kisha yanazama ghafla mahali pamoja, hapo paulizie. Kisha mwombe fundi achimbe shimo la majaribio la kimo cha mtu, sehemu mbili au tatu ambapo kuta zitakaa. Ardhi ya asili huonyesha tabaka zinazofuatana na huwa ngumu kadiri unavyoshuka. Ukikuta udongo wa rangi mchanganyiko, mkaa, nguo kuukuu au plastiki kwenye kina cha mita moja, umekuta kifusi. Nondo ndefu pia inasaidia: ikizama kwa urahisi upande mmoja na kugoma upande mwingine, usiweke msingi unaovuka mpaka huo. Kazi hii ni ya nusu siku. Tafadhali usichimbe wewe mwenyewe wala usimtume kijana wa shule, na kama kuna dalili ya pango, wote mkae mbali.

Kuna mkanganyiko mmoja. Si kila ufa ni duara. Udongo mweusi wa mbuga huvimba mvua zikinyesha na kupasuka kiangazi, nao hupasua nyumba hata mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuchimba. Huo fundi mzoefu anaujua, na dawa yake ni msingi unaoshuka chini ya udongo ule na maji ya paa yanayopelekwa mbali na ukuta. Dawa ya duara ni kuhamisha nyumba.

Watu huniuliza kama shimo likifukiwa vizuri panaweza kujengwa. Kufukia vizuri ni kuweka udongo tabaka kwa tabaka, kila moja isizidi kama sentimita 30, unyunyiziwe maji kidogo na kushindiliwa kabla ya kuweka nyingine. Kwa kibanda cha kuku inatosha. Kwa chumba wanacholala watoto, na hasa kama hujui njia za chini zinaelekea wapi, mimi ningesema acha pawe pa miti.

Na mashimo yaliyo wazi? Yanajaa maji. Watoto huzama humo, na mbu huzaliana humo katika mkoa ambao tayari malaria inatusumbua sana. Kama lipo karibu na kwako, lizungushiwe miiba au uzio leo, huku mkisubiri kulifukia.

Udongo wenyewe

Hatari hii haina ufa wa kukuonyesha.

Kwenye mwalo, mawe yaliyosagwa huoshwa kisha huchanganywa na zebaki ili ikamate dhahabu. Baadaye mchanganyiko huo huchomwa: zebaki inageuka mvuke, dhahabu inabaki. Zebaki iliyopotea wakati wa kuosha inabaki kwenye marudio na kwenye tope la mwalo. Ile iliyopaa hutua kwenye kuta, paa na udongo wa jirani. Zebaki ni metali, haiozi. Mwalo unaweza kukauka miaka kumi na zebaki ikawa bado ipo.

Kuna metali nyingine ambazo hakuna aliyezileta, zimo ndani ya mwamba wetu. Aseniki huambatana na dhahabu katika mawe ya ukanda huu wa Geita. Risasi, namaanisha metali ya risasi, inaweza kuwepo pia. Likiwa chini kabisa ndani ya jiwe, jambo hilo halimdhuru mtu. Karasha likishasaga jiwe kuwa unga, limetengeneza vumbi linaloweza kuvutwa na kumezwa.

Mtoto ndiye anayelipia zaidi, na si kwa sababu ana bahati mbaya. Anatambaa, anaweka mkono mdomoni mara nyingi kwa siku, na utumbo wake hunyonya risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya utumbo wa mtu mzima kwa kiasi kilekile kilichomezwa. Akiwa na upungufu wa damu, ananyonya zaidi. Ubongo wake bado unajengwa. Hakuna kiwango cha risasi mwilini ambacho Shirika la Afya Duniani linakiita salama kwa mtoto. Zebaki na risasi pia hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto aliye tumboni.

Pengine unasema hizi ni hofu za wasomi. Mwaka 2010 kaskazini mwa Nigeria, jimbo la Zamfara, wanakijiji walikuwa wanasaga mawe ya dhahabu nyumbani, uani, kwenye vinu walivyosagia nafaka. Mawe yale yalikuwa na risasi nyingi sana. Zaidi ya watoto 400 walifariki, wengi wao chini ya miaka mitano. Mwanzoni watu walidhani ni malaria, kwa sababu watoto walikuwa na degedege. Madaktari Wasio na Mipaka walipokwenda kutibu, walikataa kuanza na dawa peke yake: kwanza udongo wa juu wa nyua za watu uliondolewa na kuletwa udongo safi, kwa sababu mtoto anayetibiwa na kurudishwa kwenye ua uleule anaumwa tena. Mawe yetu si yale ya Zamfara. Lakini namna ya kusagia uani tunayo hapa, na wanaofanya hivyo wengi ni sisi kina mama, tukiponda mawe huku mtoto amelala mgongoni.

Karibu zaidi na sisi, Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru ulipata sumu ya risasi kutoka kiwanda kilichokuwa kinayeyusha betri chakavu. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na udongo haukujisafisha. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Kenya iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kesi ile ilianza na mama mmoja, Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na mtoto wake anayenyonya akapatikana na risasi kwenye damu.

Neno kuhusu pemba. Najua wajawazito wengi mnakula udongo, na sitaki mnifiche. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliofanyika kwa wajawazito katika maeneo ya wachimbaji wadogo ya huku kwetu Geita, ulikuta metali kadhaa zenye sumu, ikiwamo aseniki, ndani ya udongo waliokuwa wanakula. Hamu ya udongo mara nyingi huja na upungufu wa damu. Niambie nikupime wingi wa damu, nikupe vidonge vya madini ya chuma, sitakugombeza.

Sheria inakulinda wapi, na wapi haifiki

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaiita ardhi kama hiyo, na nyingine isiyofaa kuendelezwa kwa sababu ya udhaifu wake, ardhi hatarishi. Mialo mingi iko kwenye mikondo ya maji, kwa hiyo mtu akikuuzia mwalo wa zamani kandokando ya mto, huenda anakuuzia mahali pasiporuhusiwa kujengwa kabisa.

Kwa upande wa madini, Sheria ya mwaka 2010 inazuia mwenye leseni kuchimba ndani ya mita 200 kutoka kwenye nyumba inayokaliwa bila ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali. Ridhaa hiyo ni yako, usiisaini kwa soda na kilo ya sukari. Kuhusu kuchoma dhahabu, Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataka nchi zikomeshe kuchoma mahali pa wazi na kuchoma kwenye makazi ya watu. Jirani anayechoma kwenye jiko la mkaa nyuma ya ukuta wako anafanya jambo ambalo linatakiwa kuisha.

Sasa pale sheria isipofika. Miradi mikubwa hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Nyumba yako ya vyumba viwili haifanyiwi. Tangu mwaka 2007 tuna kanuni za viwango vya ubora wa udongo zenye ukomo wa metali kama risasi na zebaki, lakini hakuna ofisa atakayekuja kupima kiwanja chako kwa hiari yake kabla hujamwaga msingi. Usipouliza wewe, hakuna anayeuliza. Kwangu mimi hili ndilo pengo kubwa, na nalisema kwenye kila kikao ninachoalikwa.

Kwa hiyo uliza hivi. Kwa wazee na balozi: hapa palikuwa na duara, karasha, mwalo au rundo la marudio? Nani alichimba, na walifikia wapi? Kwa mtendaji wa kijiji: halmashauri ya kijiji inatambua mauzo haya, na eneo hili kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ni la makazi au la machimbo? Usinunue kwa karatasi ya dalali pekee; mauzo ya ardhi ya kijiji yanahitaji halmashauri ya kijiji iyajue. Kwa ofisi ya madini ya mkoa: kiwanja kimo ndani ya leseni ya mtu? Nenda na namba za kijiografia kutoka kwenye simu yako, wanaweza kuangalia. Kama eneo limetangazwa kuwa la mipango miji, utahitaji pia kibali cha ujenzi cha halmashauri ya wilaya, na hapo ndipo pa kumwomba ofisa mazingira afike akaone.

Ukiwa na wasiwasi na udongo au kisima, Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya Kanda ya Ziwa Mwanza na hupima sampuli. Ni gharama. Majirani watano mkichangia sampuli mbili tatu za mtaa wenu, inawezekana, na barua ya mtendaji ikisindikiza huwa na uzito zaidi.

Tayari tunaishi hapo

Wengi wenu mnasoma hii mkiwa mmeshajenga, na sina maneno ya kukwambia hama kesho wakati sina kiwanja cha kukupa. Yafuatayo yanapunguza kiasi kinachomfikia mtoto.

Anza na sakafu. Sakafu ya saruji ndani, hata nyembamba, inamtenga mtoto na udongo kuliko jambo lingine lolote la bei hiyo. Kama saruji haijapatikana, weka turubai au mkeka mahali anapotambaa. Fagia kwa kunyunyiza maji kwanza, au futa kwa kitambaa kibichi. Ufagio mkavu unarusha vumbi lote hewani. Uani, chagua sehemu moja ya kuchezea, mwagia udongo safi au moramu kutoka mahali pasipochimbwa, unene wa kiganja hivi, na panda nyasi pembeni ili mvua isiuchukue.

Usijengee marudio. Nimeona watu wakiyatumia kama mchanga wa lipu na wa kufyatulia matofali kwa sababu ni laini na ni ya bure. Ukuta huo unaporoka vumbi ndani ya chumba maisha yote. Usipande mchicha juu yake pia. Panda kwenye magunia yenye udongo uliotoka mbali.

Baba au kaka anayetoka karasha au duarani avue viatu na nguo nje, aoge kabla ya kumbeba mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake. Hapa naomba tusaidiane, kwa sababu mtoto humkimbilia baba mlangoni na hakuna baba anayependa kuambiwa subiri.

Zebaki isihifadhiwe ndani ya nyumba, hata kidogo ndani ya chupa ya dawa. Ikimwagika, toa watoto nje na fungua madirisha. Usiifagie, inagawanyika matone madogo. Isukume kwa karatasi ngumu hadi kwenye chombo chenye mfuniko na maji kidogo. Mtu akimeza tone la zebaki ya majimaji, sehemu kubwa hupita tumboni bila kunyonywa. Mvuke ndio adui: mapafu hunyonya kama asilimia 80 ya mvuke wa zebaki unaovutwa. Kwa hiyo mjamzito na mtoto wasiwe karibu na anayechoma, hata kama ni kwa dakika chache, hata kama upepo unaelekea kwingine.

Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, kucha zikatwe fupi. Mtoto asishinde njaa, kwa sababu tumbo tupu hunyonya risasi zaidi. Dagaa, maharage, maziwa na mboga za majani vinampa chuma na kalisi, navyo vinashindana na risasi kuingia mwilini. Endelea kunyonyesha. Nimeulizwa na mama aliyekuwa tayari ameacha kwa hofu ya zebaki. Nikamwambia arudishe ziwa siku ileile, kwa sababu kuhara kwa maziwa ya kopo yaliyochanganywa na maji ya kisima kungemuua mtoto mapema zaidi.

Lini uje kwetu

Njoo haraka kama mtoto anapata degedege, analegea, anatapika mfululizo au hajitambui, na ukifika sema kwa sauti: "Tunaishi karibu na karasha," au "Nyumba yetu iko kwenye mwalo." Tutapima malaria kwanza, kama kawaida. Kikipatikana kipimo hasi, maneno yako hayo ndiyo yatakayomfanya mganga afikirie sumu.

Njoo pia bila haraka kama mtoto ana maumivu ya tumbo yanayojirudia, anafunga choo, amepauka, anachelewa kukaa au kuongea, au aliyekuwa anaelewa darasani amebadilika. Kwa mtu mzima ni kutetemeka mikono, usingizi kukatika, hasira zisizo na sababu, ladha ya chuma mdomoni. Kwa aseniki, madoa na ugumu kwenye viganja na nyayo. Dalili hizi zina sababu nyingine nyingi, ndiyo maana tunahitaji historia ya mahali mnapoishi. Kipimo cha risasi au zebaki kwenye damu hakifanyiki zahanati, tutakuandikia rufaa.

Mama wa kile chumba chenye ufa sasa analala chumba cha upande wa pili, ule uliojengwa kwenye ardhi ngumu, na mumewe ameanza kubomoa upande ulioshuka ili atumie matofali yake mahali pengine. Fundi aliyechimba shimo la majaribio pale alikuta gunia la kiroba, mita moja na nusu chini ya sakafu.